Jaji wa usafi aje kimya, aache maandishi

Tarehe 17 Julai 2025 Rais wa India, Droupadi Murmu, alikabidhi jijini New Delhi tuzo za Swachh Survekshan, mashindano ya kitaifa ya usafi wa miji, na kwa mara ya kwanza tangu 2017 jina la Indore halikukaa kileleni mwa orodha ya miji mikubwa. Indore haikuwa imechafuka. Iliondolewa kwenye orodha hiyo pamoja na miji mingine iliyozoea kushinda, ikatengewa kundi la mabingwa, na Ahmedabad ikapanda kushika nafasi ya kwanza. Wengi waliichukua habari hiyo kama heshima kwa bingwa aliyewachosha wenzake; wengine wakasema ni mbinu ya kuwagawia wengine zamu ili wasikate tamaa. Tafsiri zote mbili zinamtazama mshindi. Lakini mashindano yenye miji zaidi ya 4,500, ambayo mwaka baada ya mwaka hutoa jina lile lile, huwa yamebakiwa na kazi moja ya maana, nayo ni kuwaeleza wale maelfu wengine wamekwama wapi. Kazi hiyo haifanywi na kikombe. Inafanywa na mtu aliyetumwa kwenda kutazama, na kwa awamu hiyo India ilituma wakaguzi zaidi ya 3,000, wakazunguka kata hadi kata kwa siku 45.

Ninashikilia kwamba thamani yote ya tuzo za usafi na utunzaji wa mazingira imo kwa hao watu wanaokuja kutazama, katika namna wanavyokuja na katika kile wanachokiandika wakishaondoka. Sisi tunawagombania kila matokeo yanapotangazwa. Tunauliza kwa nini mji fulani umepewa ilhali sokoni kwake kuna jalala, tunasema wamehongwa, tunasema ni siasa, halafu tunanyamaza hadi mwaka unaofuata. Hatuulizi jaji alifika lini, alitazama nini, na aliwaachia wakazi karatasi gani mkononi. Ningependa tuhamishe ugomvi uende huko, kwa sababu huko ndiko kuna kitu cha kurekebisha.

Tanzania si mgeni wa mambo haya. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili vyoo, maji na mbu, na serikali imeifufua kampeni hiyo kwa jina lile lile mwaka 2024. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1988, Wizara ya Afya ilianzisha mashindano ya kitaifa ya afya na usafi wa mazingira. Yalianza na majiji, manispaa na miji, baadaye yakapanuliwa kuingiza halmashauri za wilaya, vijiji na taasisi. Moshi imetajwa mara nyingi mno kiasi kwamba jina lake na neno usafi yanakwenda pamoja midomoni mwa watu. Njombe nayo, upande wa wilaya, imejijengea sifa hiyo hiyo. Matangazo ya matokeo hutaja mshindi, nafasi na zawadi: kikombe, cheti, pikipiki, mwaka mwingine gari. Picha hupigwa, mkurugenzi hutoa shukrani, na kikombe huwekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi ya halmashauri. Jaji haonekani kwenye picha hizo, na sawa, si lazima aonekane. Tatizo ni kwamba hata maneno yake hayaonekani.

Nchi niliyoisoma kwa muda mrefu katika jambo hili ni Ireland. Mwaka 1958 shirika la utalii la nchi hiyo, Bord Fáilte, lilianzisha mashindano ya Tidy Towns, yakaingia maeneo 52, na mshindi wa kwanza akawa Glenties, mji mdogo wa kaunti ya Donegal. Lengo halikufichwa: watalii walikuwa wanakuja, na mitaa ilikuwa na kuta zilizobabuka na magugu hadi barazani. Leo mashindano yako chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya vijijini, na washiriki ni 800 na zaidi kila mwaka katika nchi yenye watu wachache kuliko Dar es Salaam. Maeneo hupangwa kwa makundi ya idadi ya watu, kwa hiyo kijiji hakipimwi kwa kipimo cha jiji, na bado kijiji kinaweza kutwaa ushindi wa jumla. Mwaka 2017 aliyeshinda ni Birdhill, kijiji kidogo cha Tipperary. Mwaka 2021 ikawa zamu ya Ennis, mji mkubwa wa kaunti ya Clare. Glenties yenyewe ilirudi kushinda mwaka 1995, miaka 37 baada ya ile ya kwanza.

Nguvu ya utaratibu wao imo katika mambo mawili ambayo kwa macho ya haraka yanaonekana madogo. La kwanza, kamati ya mji hutuma fomu mapema ikiwa na ramani na maelezo ya kila kazi iliyofanyika, halafu hukaa kusubiri bila kujua siku. Jaji huja majira ya kiangazi akiwa mtu kama watu wengine, hatangazi jina, hapokelewi na mtu, hali chakula cha mwenyeji. Anatembea na ramani yake kutoka barabara ya kuingilia mji hadi uchochoro wa nyuma ya maduka, anatazama, anaondoka. La pili ni ripoti. Kila eneo lililoshiriki, la kwanza na la mwisho, huandikiwa ripoti yake, yenye alama kwa kila kipengele na maelezo chini ya kila alama: ushirikishwaji wa jamii, mwonekano wa mitaa, maeneo ya kijani, viumbe hai na mazingira ya asili, matumizi endelevu ya rasilimali, udhibiti wa taka, makazi, barabara za kuingilia. Ripoti hizo huwekwa hadharani. Kamati ya mji ulioshika nafasi ya mia nne inapata ukurasa unaowatajia mtaa wao kwa jina na kuwaambia ukuta gani umesahauliwa, na jirani yao wa nafasi ya mia tano anaweza kuisoma ripoti hiyo na kujipima.

Ni rahisi kulipita hili kwa kudhani ni mambo ya makaratasi ya Ulaya. Tazama lilivyofanya kazi pale vigezo vilipobadilika. Kwa miongo kadhaa kamati za Ireland zilijua jaji anapenda nini: nyasi zilizokatwa kama zulia, maua ya kununuliwa kwenye vyungu vya kuning'inia, kingo za barabara zilizopuliziwa dawa ya magugu hadi zikabaki kahawia. Mwaka 2015 nchi hiyo ikatoka na mpango wa kuwalinda nyuki na wadudu wengine wanaochavusha maua, na mashindano yakaupokea, kiasi cha kuwa na tuzo ya pekee kwa kazi hiyo. Majaji wakaanza kuandika mambo mengine. Wakapongeza kipande cha nyasi kilichoachwa kirefu, wakahoji dawa ya magugu, wakauliza maji ya mvua yanavunwa wapi na taka za bustani zinaozeshwa wapi. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu wenye mashine zao za kukatia nyasi, wakaziacha mashine stoo hadi maua ya porini yamalize msimu. Hakuna askari aliyetumwa. Sentensi ya jaji iliyoandikwa mwezi wa saba iligeuka kazi ya mikono ya watu mwaka uliofuata, tena bure. Kwa hiyo anayeandika vigezo vya tuzo ya usafi anashika usukani wa nguvu kazi kubwa asiyoilipa, na akiandika upuuzi, nguvu hiyo yote itakwenda kwenye upuuzi.

Sasa rudi nyumbani. Niliwahi kuishi katika mji mmoja wa nyanda za juu wakati timu ya tathmini ilipotarajiwa. Mawe ya pembezoni mwa barabara yalipakwa chokaa, mashina ya miti yakapakwa chokaa, mapipa mapya yakawekwa stendi yakiwa bado na stika za bei, na kizimba cha taka kilichokuwa kimefurika tangu Pasaka kikasombwa usiku kucha kwa trekta. Wauza mboga wa pembeni waliambiwa wasifungue siku hiyo. Siwalaumu waliofanya hivyo. Walikuwa wanajibu mtihani kama ulivyotungwa. Mtihani ulisema mgeni anakuja siku fulani saa fulani, naye atapita barabara fulani. Wangekuwa watu wa ajabu wasingejipamba.

Ila jaji anayejua kazi yake hadanganyiki kirahisi, na hapa napenda kuwatetea mabwana afya wetu, kwa sababu kuna maarifa waliyonayo ambayo hayamo kwenye fomu yoyote. Chukua kibuyu chirizi, lile dumu dogo lililotobolewa na kufungiwa kamba ya kukanyaga ili mtu anawe mikono akitoka chooni. Kipo katika kila kaya ya kijiji kinachoshindania tuzo. Afisa afya mzoefu haishii kukihesabu. Anatazama ardhi iliyo chini yake: kama kinatumika, udongo una unyevu na pengine majani yameota, kama kilining'inizwa jana, udongo ni vumbi tupu. Anaigusa sabuni aone kama ina kona zake zote. Anaangalia njia ya kutoka mlango wa nyumba hadi chooni, kwa sababu choo kinachotumiwa na watu sita kina njia iliyokanyagwa ikawa ngumu, na choo cha maonyesho kina nyasi hadi mlangoni na utando wa buibui ndani. Anamuuliza mtoto, hamuulizi baba. Maarifa haya ni hazina. Yakishageuzwa kuwa tarakimu kwenye safu ya jedwali, choo kipo alama mbili, kibuyu kipo alama moja, yanapotea, na mwanakijiji hapati kujua kwamba yule mgeni aliuona udongo mkavu.

Wapo wanaotetea ziara zenye taarifa, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Wanasema usafi endelevu hauonekani barabarani. Ili ujue kama mji una mfumo, unahitaji kuona sheria ndogo, mikataba ya vikundi vya kuzoa taka, ratiba ya magari, makusanyo ya ada ya taka na yalivyotumika, takwimu za kipindupindu na kuhara kutoka vituo vya afya. Nyaraka hizo haziviziwi. Afisa lazima aandaliwe, kabati lazima lifunguliwe. Tena katika utamaduni wetu mtu akizungukazunguka uani kwa watu akichungulia vyoo bila kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa, anatafuta balaa. Nakubaliana na yote hayo. Yanachodai, hata hivyo, ni kuigawa kazi mara mbili. Nyaraka ziombwe mapema, zitumwe, zisomwe na watu waliokaa mezani. Macho yaje siku nyingine isiyotajwa, kwenye stendi, soko, mitaro, gulio, barabara za ndani, fukwe na mialo, sehemu ambazo ni za umma na hazihitaji hodi. Kwenye kaya, mwenyekiti apewe taarifa asubuhi ile ile na nyumba zichaguliwe kwa bahati nasibu mbele yake. Waireland wanafanya mgawanyo unaofanana na huo, fomu kwanza na miguu baadaye.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi mitandaoni, ni kwamba majaji waondolewe kabisa na wananchi wapige kura kwa simu. Inavutia kwa sababu inavaa nguo za demokrasia. Wanaoishi na taka ndio wanaozijua, inasemwa, basi wao waamue. Lakini kura ya simu haimwulizi mkazi kama mtaro wa nyumba yake umezibuliwa. Inamwuliza anaupenda mji gani, na kila mtu anaupenda mji wake. Mwanza ina watu wengi kuliko Njombe, kwa hiyo Mwanza itashinda hata siku ambayo haijafagiwa. Kijiji kisicho na mtandao kimeshashindwa kabla ya kuanza. Kuna jambo jingine ambalo yeyote aliyewahi kuishi jirani na dampo analijua: pua huzoea. Baada ya miezi michache harufu inakuwa sehemu ya hewa, na ni mgeni anayeshuka kwenye basi ndiye anayeziba pua. India imeingiza maoni ya wananchi kwenye alama zake, nalo ni jambo zuri, ila imeyaweka kama sehemu moja kati ya nyingi, na hata hapo viongozi wa miji hutumia nguvu kuwahimiza wakazi wajaze maoni. Alama iliyokusudiwa kupima kuridhika kwa watu inaanza kupima bidii ya manispaa kuwapigia debe. Sauti ya mkazi inahitajika sana, lakini mahali pake ni mbele ya jaji, wakati wa kuuliza na kujibu.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya wale wanaosema tuachane na tuzo, tushike sheria. Hawa wana ushahidi mzito upande wao. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni nne za Kenya au kifungo cha miaka minne, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Hakuna kikombe wala cheti ambacho kingeondoa rambo kwenye miiba na mitaro kwa kasi ile. Moshi nayo, kwa sifa zake zote, haikusafishwa na mapenzi matupu. Faini ya papo hapo kwa anayetupa taka ni sehemu ya hadithi yake. Ninachojibu ni kwamba sheria inakamata vitu vinavyoweza kutajwa. Inaweza kusema mfuko huu usiuzwe, gari hili lisimwage taka pale. Haiwezi kuamuru majirani wanne wakubaliane zamu ya kuzibua mtaro wanaouchangia, au mwalimu awafundishe watoto kutenganisha maganda na chupa, au wavuvi warudishe nyavu mbovu ufukoni badala ya kuzikata baharini. Mambo hayo yanakaa kwenye hiari, na hiari hujengwa kwa mtu kuona kwamba kuna anayeitambua na kuitaja. Faini na ripoti ya jaji zinafanya kazi mbili tofauti na mji unazihitaji zote.

Kuna swali moja ambalo majaji wengi, hata wa huko nje, wamelikwepa kwa muda mrefu, na ningeliweka juu ya mengine yote: taka zikishatoka hapa zinakwenda wapi? Mji unaweza kung'aa kwa kuhamishia uchafu wake kwa watu wengine. Kigali ilipata heshima ya UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, mwaka 2008 na inaistahili kwa mengi, na kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu wake hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Lakini mwisho wa taka za Kigali ni kilima cha Nduba, ambako nako kuna wakazi. Barabara za katikati ya Nairobi zinafagiwa, na yanayofagiwa yanaishia Dandora, dampo lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, ambalo bado linapokea malori. Dar es Salaam ina Pugu Kinyamwezi. Jaji anayeishia barabara ya lami na bustani ya mzunguko wa magari amekagua nusu ya mji. Indore yenyewe, ukiacha mbwembwe za tuzo, ilistahili nafasi yake kwa kazi iliyofanyika upande huu wa pili: taka hutenganishwa nyumbani kwa makundi sita kabla ya gari kufika, mlima wa taka za zamani kwenye dampo la Devguradia ulichambuliwa ukaondolewa, na tangu Februari 2022 kuna mtambo unaopokea tani 550 za taka zinazooza kwa siku na kuzigeuza kuwa gesi. Jaji aliyefuata gari la taka hadi mwisho wa safari yake ndiye angeyaona hayo. Kwetu angekutana na waokota chupa, wasukuma maguta na akina mama wa vikundi vya ufagiaji, watu ambao kimsingi ndio mfumo wa urejelezaji tulio nao, na angewauliza maswali ambayo mkurugenzi hawezi kuyajibu: mnalipwa lini, glovu mlipewa lini mara ya mwisho, chupa mnauza kwa nani na kwa bei gani. Mji ambao wafagiaji wake hawajalipwa miezi mitatu hauna usafi endelevu hata kama leo barabara zake zinang'aa.

Hapo tunafika kwa jaji mwenyewe kama mtu. Mara nyingi kwetu ni mtumishi wa serikali anayewapima watumishi wenzake. Walisoma chuo kimoja, waliwahi kufanya kazi wilaya moja, kesho anaweza kuhamishiwa huko huko alikotoa alama ndogo. Watu wakiona matokeo wasiyoyapenda hukimbilia neno rushwa. Mimi naona kitu cha kawaida zaidi na kigumu zaidi kukitibu, nacho ni ujirani. Ni vigumu kula wali na kuku wa mtu mchana halafu jioni ukamwandikia kwamba machinjio yake yanatiririsha damu mtoni. Dawa yake inajulikana. Majaji wapangiwe mikoa ya mbali na vituo vyao, timu ichanganye afisa afya, mhandisi, mwalimu na mtu mmoja kutoka vikundi vya wazoa taka, wajitegemee kwa chakula na usafiri, na ikiwezekana tubadilishane majaji na Kenya, Uganda na Rwanda. Mtu wa Kisumu akipelekwa Mwanza atauona mwalo wa Ziwa Victoria kwa macho ya anayelijua ziwa lile lile lakini hana shemeji halmashauri.

Tuzo zenyewe nazo ziwe na mwisho. Bendera ya Bluu, inayotolewa kwa fukwe na bandari za mashua tangu miaka ya 1980 na iliyofika Afrika Kusini mwaka 2001, hutolewa kwa msimu mmoja tu. Wakaguzi hurudi kushtukiza, na ufuko ukiteleza bendera inashushwa mbele ya waogeleaji. Kikombe chetu kikishaingia kwenye kabati hakitoki, hata soko likirudi kunuka mwezi unaofuata. Jaji angekuwa na ruhusa ya kurudi kimya baada ya miezi sita, na halmashauri ikajua kwamba anaweza kurudi, chokaa ya siku moja ingepoteza maana.

Watasema gharama. Bei ya gari moja la zawadi inatosha nauli, malazi na karatasi za majaji wengi kwa mzunguko mzima, na gari hilo hufaidi halmashauri moja, tena ile iliyokwisha kufanikiwa. Hesabu hiyo inaniuma kila mwaka. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa walau kila miezi mitatu, na agenda zake nyingi hujazwa na matangazo kutoka juu. Ripoti ya kurasa mbili inayotaja vitongoji kwa majina ingewapa watu jambo lao la kujadili na kumbana mtendaji. Wizara ikitaka kuanza na kidogo, ianze na fomu za alama za vijiji vilivyoshika nafasi za mwisho katika mzunguko uliopita. Ziandikwe upya kwa Kiswahili cha kawaida, udongo mkavu chini ya kibuyu chirizi utajwe kuwa udongo mkavu, zifike kwa watendaji kabla ya mikutano ijayo zisomwe kwa sauti, na nakala moja iende kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapo.